Bunduki Nne Katika Nyumba Moja



Siku chache baada ya masika kwisha, mzee mmoja wa kanisa alinijia nyumbani baada ya ibada ya Jumapili, akaniletea swali ambalo sikufundishwa jibu lake nilipokuwa chuoni. Amenipa ruhusa kuliandika, mradi nisitaje jina lake wala kijiji chake. Nitasema tu ya kuwa nyumba yake iko kando ya ziwa, upande wa njia itokayo Mwanza kwenda Magu. Ana ng'ombe wa kutosha. Na zamani alikuwa mchuuzi wa samaki katika soko la Mwaloni pale Kirumba. Umri wake umepita miaka 60, nami ni mdogo wake sana, basi swali lake lilinitia haya kidogo.

Akasema, "Baba Mchungaji, nyumbani kwangu mna bunduki nne. Nataka kuziondoa zote, ninunue moja iliyo njema. Je, nafanya vema?"

Nalidhani ni neno jepesi. Kutoka nne kuja moja ni kupunguza, na nani atakayemlaumu mtu apunguzaye silaha? Nalikuwa karibu kumjibu kwamba afanya vema, tuendelee na chai. Walakini nalimwuliza kwa nini ameazimu jambo hilo wakati huu, ndipo akaweka kikombe chini, akanieleza.

Kwanza alinihesabia zile bunduki. Moja ni gobore la marehemu baba yake, lile la kushindilia baruti kwa mdomo na kuwasha kwa fataki. Ya pili ni bunduki ya marisau, ambayo watu wa siku hizi huiita shotigani. Aliinunua kwa ajili ya fisi waliokuwa wakiingia zizini. Ya tatu ni bastola, aliyopewa kibali chake zamani alipokuwa akitoka Mwaloni usiku na fedha za samaki mfukoni. Ya nne ni bastola vile vile, aliyoinunua baadaye kwa sababu risasi za ile ya kwanza ziliadimika. Baadaye akazipata tena, wala hakuiacha ile ya zamani. Basi ana bastola mbili zisizokula chakula kimoja: ya zamani hutumia risasi za milimita 7.65, na nyingine za milimita 9. Wasomaji wasioijua kazi hiyo na waelewe hili tu, kwamba risasi ya moja haiingii katika nyingine.

Kisha akanisimulia usiku ule. Ilikuwa wakati wa masika, mvua ilinyesha tangu jioni, na umeme ulikuwa umekatika. Karibu na saa nane ya usiku mbwa alibweka, akanyamaza ghafula. Mzee akasikia mtu anapita nyuma ya nyumba, kando ya zizi, kisha mlango wa nyuma ukagongwa mara mbili, si kwa nguvu. Wala hapakuwa na sauti. Wiki ile ile wavuvi wawili wa kijiji chake walikuwa wamenyang'anywa mashine ya mtumbwi huko ziwani na watu wenye bunduki, na kila mtu alikuwa akizungumza habari hiyo. Akaondoka kitandani bila kuwasha taa ya simu, asije akaonekana dirishani. Akapapasa sandukuni, akatwaa bastola moja na kikasha kimoja cha risasi, akaanza kujaza gizani.

Zikakataa kuingia. Akazisukuma kwa kidole gumba, zikakataa. Alikuwa ameshika bastola ya zamani na risasi za ile mpya. Aliniambia ya kuwa mikono yake ilitetemeka hata risasi zikaanguka sakafuni, naye akapiga magoti kuzitafuta. Mlango ukagongwa mara ya tatu. Akiwa bado magotini alisikia sauti nyembamba sana, kama ya mtu aliyekaukiwa koo: "Baba mkubwa, ni mimi."

Alikuwa mwana wa ndugu yake mdogo, kijana wa miaka 19, afanyaye kazi ya dagaa katika kambi moja ya Ukerewe. Alishikwa na homa, akaletwa ng'ambo na mtumbwi, akatembea katika mvua mpaka nyumbani. Alipita mlango wa nyuma kwa kuwa ndio mlango wa watu wa nyumbani. Mbwa alinyamaza kwa kuwa alimjua. Na hodi alipiga, walakini sauti ilikuwa imemwishia, wala haikusikika katika mvua.

"Je, kama risasi zingaliingia?" nalimwuliza.

"Ningalipiga mlangoni," akasema. "Ule mlango ni wa mbao laini."

Basi hapo nalidhani ya kuwa nimeelewa sababu ya swali lake. Kumbe sikuelewa. Kwa maana mzee akaendelea kusema, "Nimefikiri sana, Mchungaji. Kama wale wangalikuwa majambazi, sote tungalikwisha kufa, mimi ninapapasa risasi sakafuni. Kuwa na aina mbili ni hatari. Yafaa niwe na bastola moja, yenye aina moja ya risasi, iliyo mpya, inayochukua risasi nyingi, nami nijifunze kuijaza hata nikiwa nimefumba macho."

Tazameni, ndugu, jinsi watu wawili waonavyo jambo moja. Mimi nalisikia ya kuwa kijana aliponyoka kwa sababu bastola zilichanganyikana. Yeye alisikia ya kuwa nyumba yake ilikuwa karibu kuangamia kwa sababu ile ile. Wala siwezi kumwita mpumbavu. Neno lake ni la kweli: mtu akishika silaha, heri aishike kwa utaratibu. Aina moja ya risasi, kibali kimoja, kufuli moja. Mtu asijivunie fujo kwa sababu siku moja fujo ilimwokoa mtoto. Wala sipendi ile desturi yetu wachungaji ya kuchukua ajali na kuihubiri kana kwamba Mungu ameagiza sisi tuwe wazembe.

Hata hivyo nalimwomba muda wa juma moja, maana sikuwa na jibu.

Katika juma lile nalisoma kidogo na kufikiri sana, kwanza juu ya gobore. Watu hudhani ya kuwa bunduki ni jambo jipya katika nchi yetu, lililokuja na majambazi wa siku hizi. Sivyo. Kageye, palepale Magu, ndipo Stanley alipofika ziwani mwezi wa Februari 1875 na msafara wake wenye bunduki. Mwezi wa Aprili mwaka ule watu wa kisiwa cha Bumbire walimzuia na kumtisha kwa mikuki na mishale, akaponyoka. Na mwezi wa Agosti akarudi na mitumbwi mingi, akasimama majini mbali, mahali ambapo mishale haikuweza kumfikia, akawapiga risasi watu waliosimama pwani ya kisiwa chao. Hakuwa akijikinga siku ile. Hofu yake ilikuwa imekwisha kupita, na alikuwa na muda wa kutosha wa kukaa kimya. Katika Ulaya na Marekani kwenyewe walikuwako waliomshutumu kwa tendo hilo.

Miaka miwili baadaye, Desemba 1877, wamisionari wawili wa Kiingereza, Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe. Mfanyabiashara aitwaye Songoro aligombana na mtemi Lukonge, akakimbilia kambini kwao, nao wakakataa kumtoa. Msafara wao ulikuwa na bunduki, kama misafara yote ya siku zile, wala hazikuwafaa kitu. Nawaheshimu watu hao kwa kutomtoa mgeni wao. Lakini twaona ya kuwa mambo hayo mawili hayafanani kabisa, ingawa ziwa ni moja na bunduki ni zile zile: mmoja alifyatua kwa ajili ya uchungu wake mwenyewe, na wengine walisimama kwa ajili ya mtu aliyekuwa mlangoni mwao.

Kisha mataifa makubwa walikutana Brussels, na tarehe 2 Julai 1890 wakaweka mkataba, na ndani yake wakazuia bunduki nzuri zisiingizwe katika Afrika, kutoka digrii 20 kaskazini mwa ikweta hata digrii 22 kusini. Bunduki za gumegume na baruti ya kawaida wakaziachia nafasi. Maana yake mwenyeji aweza kuwa na bunduki, mradi iwe ya zamani kuliko ya mtawala. Sisemi kwamba gobore la baba yake mzee wetu lilipita katika mlango huo. Wahunzi wa nchi yetu nao wamejua tangu zamani kutengeneza magobore. Nasema tu ya kuwa, tangu mwanzo, hesabu ya bunduki haikuwa kamwe habari ya chuma peke yake. Kila mara palikuwa na mtu aliyehesabu bunduki za mwenziwe, akaona ni nyingi mno, akahesabu zake mwenyewe, akaona ni chache.

Mambo ya sheria nayapita upesi, kwa kuwa hayana shaka. Tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Na nchi yetu ilitia sahihi Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, ambayo mataifa ya pande zetu waliahidiana kuzihesabu silaha na kuzitia alama. Kibali hupewa mtu, hakipewi nyumba. Baba akifa, mwanawe hairithi bunduki kama arithivyo shamba. Nalipomwuliza mzee habari za kibali cha gobore, alitazama chini. Baba yake amekwisha kufa miaka mingi, na gobore lingali juu ya dari. Basi, kabla hatujafika kwenye swali la moyo, lilikuwako neno moja la kufanya kwanza, wala halikuhitaji mchungaji. Serikali zaidi ya mara moja katika miaka hii imetangaza muda wa msamaha, watu wasalimishe silaha wasizo na kibali chake bila kushtakiwa. Na mzee alisikia matangazo hayo redioni kila mara, akisema moyoni mwake ya kuwa hayo ni ya majambazi.

Jumapili ya pili nalikwenda nyumbani kwake mwenyewe. Nalitaka kuuona ule mlango.

Tuliketi chini ya mwembe, na mkewe akaketi pamoja nasi akichambua mchicha. Nalimwambia mzee kwamba Luther aliulizwa neno karibu na lake. Askari mmoja mwenye cheo, Assa von Kram, alimwuliza kama mtu mwenye kazi ya silaha aweza kuwa na dhamiri njema, na mwaka 1526 Luther akamwandikia kitabu kizima. Jibu lake kwa ufupi ni kwamba kazi ni neno moja, na mtu aifanyaye ni neno la pili. Kazi ya kulinda yaweza kuwa njema, na mtu aifanyaye akawa mbaya. Na mwaka 1523, katika kitabu juu ya mamlaka ya dunia, alikuwa amesema ya kuwa Mkristo kwa ajili ya nafsi yake huvumilia, bali kwa ajili ya jirani yake aweza kushika upanga. Basi nalimwambia mzee, "Tusianze na hesabu. Tuzichukue moja moja, na kila moja tuiulize kazi yake, na kazi hiyo ni kwa ajili ya nani."

Bunduki ya marisau ilijibu upesi. Fisi wapo, na mwaka jana walichukua ndama wawili wa jirani, na mzee ndiye aliyeitwa kuwafukuza. Kila mtu kijijini ajua kazi yake, na mzee aweza kuitaja mchana mbele ya watu.

Ile bastola ya kwanza ilikuwa ya fedha za samaki. Nalimwuliza lini kwa mara ya mwisho alitembea na fedha za samaki mfukoni. Akafikiri. Biashara ile aliiacha zamani, na tena wanunuzi wa leo hulipana kwa simu na kwa benki. Basi kazi ya bastola ilikwisha, lakini bastola haikwisha. Nadhani hapo ndipo penye ugumu wa jambo lenyewe. Jembe likikosa shamba hukaa pembeni likaota kutu, wala halimsumbui mtu. Bastola ikikosa kazi, mwenyewe huitafutia. Mzee huyu, mtu mpole ambaye sijamsikia akipaza sauti hata katika mkutano wa kuchagua wazee, alikiri ya kuwa tangu alipoacha soko, alianza kuisikiliza mbwa usiku. Zamani mbwa akibweka alijigeuza akalala. Bastola ya pili alipoinunua, alianza kufunga mlango wa mbele saa kumi na mbili jioni.

"Na mwano?" nalimwuliza. Wasio Wasukuma na wajue kuwa mwano ni ule ukelele wa hatari, ambao mtu akiupiga, kila aliyesikia hana budi kutoka mbio. "Ukipiga mwano usiku huu, nani atakuja?"

Hakujibu. Mkewe ndiye aliyejibu, bila kuinua macho katika mchicha: "Hawatakuja. Watasema, Mzee ana bunduki nne, sisi tuna fimbo; twende kufanya nini?"

Neno hilo lilimchoma, nami naliona. Maana mzee huyu alikuwa kijana wa Sungusungu. Wasomaji wa makamo watakumbuka, na vijana na wasikie: baada ya vita vya Kagera, ambavyo Amin alivianza Oktoba 1978 na vikaisha 1979, wizi wa ng'ombe ulizidi sana katika Usukuma na Unyamwezi, na bunduki zilionekana mikononi mwa wezi. Ndipo mwaka 1982, pande za Kahama na Nzega, watu wakajikusanya wenyewe, wakaapishana, wakalinda vijiji vyao kwa pinde na mishale na filimbi, na desturi hiyo ikaenea hata kwetu ziwani. Sitaki kuipamba. Sungusungu waliwapiga watu wengine bila hukumu, na wazee wa kike wengine waliteswa kwa kushukiwa uchawi. Dhambi hiyo ni yetu, wala haijafutika kwa kusifiwa. Walakini katika neno moja walikuwa na haki: ulinzi ulikuwa wa wote. Filimbi moja ilipolia, nyumba mia zilifunguka. Mzee aliniambia ya kuwa usiku aliokuwa akilinda kwa upinde, akiwa na umri wa huyo kijana wa dagaa, alilala vizuri zaidi zamu yake ilipokwisha kuliko alivyowahi kulala juu ya sanduku la bastola.

Bunduki zake, basi, zilifanya jambo ambalo hakulinunulia. Ziliwaambia jirani zake kwamba hawahitaji, nao wakaamini. Alikuwa na silaha nyingi kuliko wote kijijini, naye ndiye aliyekuwa peke yake kuliko wote.

Hapo imenipasa kuungama neno langu mwenyewe, ingawa ningependa kulipita. Kwa miaka mitatu sadaka ya mavuno ya mtaa ule, kabla ya kupelekwa mjini, ilikaa nyumbani kwa mzee huyu siku mbili au tatu. Ni mimi niliyeagiza hivyo. Nalisema mbele ya wazee wote, nikicheka, "Ziwekwe kwa Mzee, kwake hakuna atakayethubutu." Sikufikiri siku ile ya kuwa naweka fedha za kanisa nyuma ya mlango wa mtu na kumwachia hofu yake. Nalipomwuliza kama usiku wa yule kijana fedha zilikuwamo, alitikisa kichwa, hazikuwamo. "Lakini sikulala vizuri tangu mwaka ule wa kwanza," akasema. Basi mchungaji aliyekuja kupima dhamiri ya mzee wake alikuta ya kuwa sehemu ya risasi zile alizinunua yeye. Juma lile lile tuliagiza ya kuwa sadaka yote iende benki siku ile ile, au ipelekwe kwa simu, na wahesabuji wawe watatu. Ni jambo dogo sana. Lingaliweza kufanywa miaka mitatu iliyopita.

Baadaye tulirudi kwenye bastola mpya aliyotaka kuinunua. Nalimwambia wazi nilivyoona. Kuuza nne na kununua moja si lazima iwe kupunguza. Hesabu ya chuma itashuka, na hesabu ya risasi zilizo tayari mkononi itapanda. Usiku ule mikono yake ilichelewa kwa muda wa mtu kusema maneno manne, na maneno hayo manne yakatosha. Sasa yeye ataka kununua chombo kitakachoondoa muda ule. Mila yetu imeweka hodi mlangoni kwa sababu ya giza. Mgeni hutaja jina, mwenyeji huuliza mara ya pili, hata mtu akiwa na haraka. Nalimwuliza kama yupo mtu awezaye kumwuzia bastola iulizayo, "Nani?" kabla ya kufyatua.

Mzee alinijibu jibu la haki, nami naliandika kama alivyosema, maana sikuweza kulipinga lote. Akasema, "Mchungaji, wewe wakaa karibu na kituo cha polisi. Mimi nikiuliza nani, na aliyeko nje ni mwuaji, amekwisha kujua nilipo." Hiyo ni kweli. Watu wa kando ya ziwa wanaibiwa kweli, na wengine wameuawa kweli, wala simwambii mtu yeyote ya kuwa kwa kuwa yeye ni Mkristo mlango wake hautavunjwa. Baba wa nyumba amepewa ulinzi wa nyumba. Hiyo ni kazi yake, kama Luther alivyosema juu ya kila kazi. Ila nalimwuliza neno moja: katika miaka yote tangu anunue bastola ya kwanza, nani amefika mlangoni pake usiku? Akahesabu kwa vidole. Mkunga, mara mbili. Jirani aliyeumwa na nyoka. Polisi waliokosea nyumba. Mlevi mmoja. Na mwana wa ndugu yake.

Hesabu hiyo haikumwahidi kitu juu ya usiku wa kesho, naye alijua, nami nalijua. Lakini mtu akiwa hana budi kukosea upande mmoja au wa pili, yafaa atazame ni nani atakayelipa kosa lake. Akichelewa, huenda atalipa yeye. Akiwahi, atalipa mkunga.

Wapo watakaoniuliza habari za zile panga mbili ambazo wanafunzi walimwonyesha Bwana usiku wa kukamatwa kwake, naye akawaambia ya kuwa inatosha. Zamani nalihubiri kwamba Bwana alipima hesabu, akaona mbili ni kiasi. Sihubiri hivyo tena. Panga mbili kwa watu kumi na mmoja si ulinzi wa kitu. Nadhani alikuwa amechoka kwa maneno yao. Na katika panga hizo tunajua kazi ya moja tu usiku ule, nayo ni kukata sikio la mtumwa, ambaye alikuwa hapo kwa kuwa bwana wake alimtuma.

Mkewe mzee alikuwa amekwisha kuchambua mchicha. Akasema, "Mimi siulizi ni ngapi. Nauliza ufunguo uko wapi." Kwa maana usiku ule sanduku halikufungwa, ufunguo ulikuwa umening'inia msumarini, mahali ambapo hata wajukuu huufikia. Katika maneno yote tuliyosema chini ya mwembe ule, neno hilo ndilo lililokuwa limesemwa mara nyingi zaidi na kusikiwa mara chache zaidi, tangu bastola ya kwanza ilipoingia nyumbani.

Mzee aliamua mwenyewe, si siku ile, bali baada ya siku kumi hivi. Alinipigia simu akaniomba nifuatane naye kituoni. Bastola zote mbili alizipeleka pamoja na risasi zake na vibali vyake, akataka kuziacha kwa polisi. Nalimwuliza njiani kwa nini hakuziuza kwa mtu mwenye kibali, maana sheria inayo njia yake, na fedha si haba, na zizi lake lahitaji bati. Akasema alikwisha kumpata mnunuzi, kijana mmoja mwenye duka, akaenda mpaka dukani kwake kupatana bei. Kijana alimwambia ya kuwa yeye naye halali usiku. Basi mzee akarudi nyumbani bila kutaja bei.

Bunduki ya marisau ameibakiza. Imefungwa katika sanduku la chuma, risasi katika sanduku lingine, na ufunguo mmoja ni wa mkewe. Sikumshauri aiondoe, na kama wako wasomaji wataona kwamba nimelegea, waje walale juma moja karibu na zizi.

Kuhusu gobore, alilipeleka siku ile ile, limefungwa katika gunia, akaeleza habari zake zote tangu kifo cha baba yake. Askari aliyetupokea alikuwa kijana mpole. Alilitazama sana, akasema hajapata kushika la namna ile. Mzee aliomba kama lingeweza kuharibiwa lisipige tena, kisha arudishiwe mti wake tu, ule wa kushikia begani, kwa kuwa marehemu aliuchonga kwa mkono wake. Aliambiwa aandike barua kwa wakubwa. Barua nalimsaidia kuiandika, imekwisha kupelekwa, na jibu bado.